Visima vya Ng'ambo: Kupima Maji au Kutia Klorini?

Unguja inategemea maji ya ardhini, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango, ambalo hupitisha maji upesi bila ya kuyachuja. Katika mitaa ya Ng'ambo, sehemu ya mji wa Zanzibar iliyo nje ya Mji Mkongwe, kisima na shimo la choo huweza kutenganishwa na ukuta mmoja tu.

Wapo wanaoona kuwa kuvipima visima hivi mara kwa mara ni kupoteza fedha, na hoja yao ina uzito. Kipimo cha bakteria wa kinyesi hukaa maabara takriban saa 24 kabla ya kusomeka, na kwa muda huo maji yaliyopimwa yameshanywewa. Tena mvua moja ya masika yatosha kuyabatilisha majibu ya wiki iliyopita. Bora, wanasema, kila kisima kihesabiwe kichafu, fedha za vipimo zinunuliwe klorini, na watu wahimizwe kuchemsha. Kwa kipindupindu na homa ya matumbo, nakubaliana nao.

Lakini kinyesi hakileti vijidudu peke yake. Nitrojeni iliyomo hugeuka nitrati, ambayo haina rangi, harufu wala ladha. Klorini haiiondoi, na kuchemsha huikoleza, kwani maji hupungua kwa mvuke nayo ikabaki sufuriani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya kopo (anayenyonya maziwa ya mama pekee hayumo katika hatari hiyo). Nitrati ikigeuka nitriti mwilini, damu hushindwa kuchukua oksijeni ipasavyo, na midomo ya mtoto huwa buluu. Mama aliyechemsha maji yake kwa uangalifu ametimiza yote aliyoambiwa, na hilo ndilo linaloniuma. Daftari la wagonjwa wa kuharisha halitamwonesha mtoto huyo.

Huulizwa pia: kuna faida gani kumwambia mtu kisima chake kibaya, na mfereji hautoki maji? Swali ni la haki, ila kisima chenye nitrati nyingi hakilazimiki kufungwa, kwani bado kitafulia na kuoshea. Kinachotakiwa ni lita chache za maji ya mtoto zitoke kwengine. Kwa kawaida nitrati hubadilika polepole kuliko bakteria, hivyo vipimo viwili kwa mwaka, baada ya masika na mwisho wa kiangazi, vingefaa kuanzia, na majibu yafike kwa sheha (kiongozi wa serikali mtaani) na kwa wakunga wa kliniki ya mama na mtoto, wanaojua ni nyumba ipi ina kichanga.