Januari Mbili za Watoto Wetu

Mwezi wa Januari, hapa kwetu Zanzibar, una tarehe mbili ambazo mtoto huzijua kwa kutegemea nyumba aliyozaliwa. Tarehe 12 ni sikukuu ya Mapinduzi ya 1964. Tarehe 27 ni siku ambayo, mwaka 2001, askari waliwafyatulia risasi waandamanaji wa CUF, chama cha upinzani, katika miji ya Pemba. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu waliouawa katika siku zile kuwa si chini ya 35, na watu wapatao 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Na hata hiyo tarehe 12 ina masimulizi mawili, kwani kwa wengi ni siku wakwezi na wakulima walipokombolewa, na kwa wengine ni siku mzee wao alipotoka nyumbani asirudi.

Swali linalotugawa ni iwapo tuwasimulie watoto haya, au tufunike kombe mwanaharamu apite.

Wanaotaka kombe lifunikwe wana hoja nzito, nami sidhani kwamba ni hoja ya woga. Novemba 2009, Rais wa Zanzibar Amani Karume, wa CCM, na Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa CUF, walipokutana Ikulu na kuanza Maridhiano, hawakutanguliza swali la nani alimuumiza nani. Walitazama mbele, na katika kura ya maoni ya Julai 2010 wananchi asilimia 66.4 waliiunga mkono Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Anayeikumbuka miaka ya tisini, watu walipogomeana maduka, wakaacha kualikana harusini na hata kuzikana, anajua ukubwa wa neema ya kuingia tena katika hitma ya jirani. Isitoshe, visiwa hivi ni vidogo: aliyepiga na aliyepigwa husali safu moja, na ukilitaja jina la mmoja, fedheha humwangukia mtoto wake aliyeko skuli, ambaye hana kosa.

Hata hivyo, ukimya huo haufiki ndani ya nyumba. Wazee barazani hushusha sauti, lakini mtoto anayewapelekea kahawa anasikia, na anachosikia ni uchungu wa upande mmoja usio na wa kuusahihisha. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2015 kufutwa na kurejewa Machi 2016, habari za kususiana zilisikika tena Pemba, na kijana wa miaka 20 wakati huo alikuwa bado mtoto wa chuo cha Kurani risasi zile za 2001 zilipolia. Hakuyaona, amerithishwa. Hapo ndipo ninapoona udhaifu wa hoja ya kufunika kombe: imewapumzisha wazee, lakini haijawakinga wajukuu.

Nadhani tunakosea tunapochanganya kutaja na kushitaki. Inawezekana kuwataja waliokufa bila ya kumwita mtu yeyote kizimbani, na inawezekana kuwataja wote pamoja: watu 68 wa machafuko ya uchaguzi wa Juni 1961, waliouawa 1964, na wa 2001, wakiwamo askari, ili mtoto ajue kwamba msiba haukuwa wa nyumba yao peke yake. Wengine watauliza ni mwalimu gani atakayelibeba somo hilo, ilhali naye ana nyumba yake na tarehe yake. Pingamizi hilo ni la kweli, na ndiyo sababu nisingependa jambo hili lianzie skuli.

Lingeanzia kwa wazazi. Baba anayekwenda hitmani kwa jirani wa chama chengine amchukue mwanawe, na njiani wakirudi, mtoto akiuliza kwa nini zamani walikuwa hawaendi, ajibiwe yote, pamoja na yale waliyoyafanya watu wa kwao.