Meli iliyozama ni ya nani? Swali hili liulizwe kabla ya msako

São José, meli ya Kireno ya watumwa, ilivunjikia miambani karibu na Cape Town Desemba 1794, ikitoka Msumbiji na mateka zaidi ya 400. Zaidi ya 200 walikufa maji. Wasaka hazina walioifikia miaka ya 1980 waliidhania meli ya Kiholanzi. Kilichowasahihisha ni makaratasi: maelezo ya nahodha yalikuwa Cape Town, na kumbukumbu za vyuma vya farumi zilikuwa Lisbon. Vyuma hivyo ndivyo vilivyokutwa chini ya maji. Vilipakiwa kwa kuwa miili ya watu ni myepesi kuliko shehena ya kawaida, na bila uzito huo meli isingetulia baharini. Hakuna nchi ambayo ingeligundua hilo peke yake.

Wanaopinga nchi kushirikiana katika misako kama hii wana hoja pia. Msako wa bahari kuu ni ghali, serikali huenda kwa vikao, na kila mshirika anayeongezeka ni mtu mwingine anayejua mahali meli ilipo. Kolombia imeificha sehemu ilipo San José, meli ya Kihispania iliyozama 1708 ikiwa na shehena ya dhahabu na fedha, na kwa hilo siilaumu, maana waporaji wapo.

Lakini haraka nayo haijalipa. Mwaka 2007 kampuni ya Marekani iliopoa sarafu karibu 600,000 za Mercedes, meli ya Kihispania iliyozama 1804. Mahakama za Marekani kwenyewe zikaamuru mzigo wote uende Hispania, na ukaenda 2012. San José nayo inagombaniwa na Kolombia, Hispania, kampuni ya Kimarekani, na Waqhara Qhara, wenyeji wa asili wa Bolivia, wanaosema fedha ile ilichimbwa na mababu zao. Dai hili la mwisho ndilo linalonigusa zaidi, na ndilo lenye nguvu ndogo kisheria.

Mkataba wa UNESCO wa 2001 unakataza biashara ya masalia haya, ila Marekani na Uingereza hazijajiunga, na bado hausemi mwenye mali ni nani.

Kwangu mimi, kosa ni kuanza kugawana baada ya dhahabu kuonekana. Uingereza na Kanada zilikubaliana mwaka 1997 kuhusu Erebus na Terror, meli mbili za Kiingereza zilizopotelea Aktiki ya Kanada karne ya 19, wakati hakuna aliyejua zilipo. Erebus ilipatikana 2014, Terror 2016, zote kwa msaada mkubwa wa masimulizi na ujuzi wa Wainuiti, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Mwaka 2018 Uingereza ikazikabidhi, na vitu vinavyoopolewa sasa ni mali ya Kanada na Wainuiti kwa pamoja.