Muziki wa Kupanga

Hivi jamani, siku hizi muziki unanunuliwa au unapangishwa? Kila mwezi nakatwa hela ya nyimbo za kwenye simu, na siku kadi ikigoma, nyimbo zote zinafunga virago. Kaseti zangu zimo kabatini miaka nenda rudi, hakuna hata moja iliyonidai kodi.

Kijana wangu ananicheka. "Mzee, una nyimbo zaidi ya milioni 100 humo, unalalamika nini?" Milioni 100, na yeye hamalizi hata mmoja! Gitaa likizunguka kidogo kabla ya sauti, kidole kishapita. Na kule Spotify, app ya kusikilizia nyimbo, ukisikiliza sekunde 30 tu wimbo umeshahesabiwa kuwa umesikilizwa, kwa hiyo sishangai waimbaji wa leo wakikurushia kiitikio hujakaa vizuri.

Sisi wimbo tuliuvizia. Redio inaunguruma, vidole viko juu ya vitufe viwili, wimbo unaingia, unabonyeza… mara mtangazaji huyo, anamwaga salamu katikati ya ubeti. Mpaka leo nikiusikia popote, pale pale namsubiri atoe salamu zake. Mkanda ukitafunwa, unautoa polepole, unatia penseli kwenye tundu, unazungusha huku umebana pumzi. Ukitaka usifutwe, unavunja vile vijino viwili vya mgongoni. Basi unajiona umemaliza kazi! Mdogo wako anabandika karatasi kwenye matundu na kurekodi mahubiri juu yake.

Baba naye alituona wahuni tu. Yeye ni mtu wa santuri: wimbo mmoja upande huu, mmoja upande ule, na ole wako ukanyage sakafu kwa kishindo, sindano itaruka. Kwake dunia iliharibika mwaka 1979, Walkman, ile redio kaseti ndogo ya kutembea nayo, ilipotoka na kila mtu akaondoka na masikio yake.

Sasa binti yangu kanunua santuri. Mpya! Kumbe ndiyo habari ya mjini. Marekani mwaka 2022 ziliuzwa nyingi kuliko CD, mara ya kwanza tangu 1987. Nikamuuliza utaipigia wapi? "Kupiga? Naitundika ukutani, baba."

Nikaona Mungu si Athumani: babu ana mashine na santuri zake zimekwaruzika zote, mjukuu ana santuri na mashine hana. Nikawakutanisha. Mzee kavaa miwani, kafuta sindano, kanyoosha mkono. Msichana kaivuta nyuma. Eti ile nailoni ikichanwa tu, imeshuka thamani.