Dinbych, Mmesimamisha Sanamu ya Mtu Siye

Jumapili iliyopita dada yangu kanitumia picha. Kasimama mbele ya maktaba ya Denbigh, kaskazini mwa Wales, anakofanya kazi ya kutunza wazee. Kaushika mkono wa shaba wa Henry Morton Stanley, yule mvumbuzi aliyemkuta Livingstone Ujiji na ambaye Kongo walimwita Bula Matari, kama mtu aliye kwenye foleni ya kumpongeza bwana harusi. Chini kaandika: "Nimekutana na Bula Matari, anawasalimu wa Ujiji." Na vikatuni vitano vya kucheka.

Sikucheka. Bibi yetu mzaa mama alitoka Muleba, na dada anajua vizuri kwamba ukisimama ufukweni kule, kisiwa cha Bumbire unakiona. Agosti 1875 Stanley alirudi Bumbire na bunduki zake kulipiza kisasi, maana miezi michache kabla walikuwa wamemnyang'anya makasia. Akawamiminia risasi watu waliojipanga ufukweni na mikuki yao, yeye mwenyewe akiwa majini, mbali na mishale. Kisha akayaandikia magazeti habari hiyo kwa majivuno, mpaka hata Waingereza wa enzi zile, ambao hawakuwa wepesi wa kushtuka, baadhi yao wakashtuka. Huyo ndiye tunayempa mkono.

Sanamu yenyewe msidhani ni ya enzi za Victoria. Iliwekwa mwaka 2011, sote tukiwa na simu mfukoni. Mwaka 2021, baada ya zile kelele za dunia nzima kuhusu masanamu, wakazi wakaulizwa: 592 wakasema ibaki, 171 wakasema iondoke. Haya, mji ni wao.

Na nitakubali moja, kwa shingo upande. Yule mtoto aliteseka. Alizaliwa Denbigh mwaka 1841 kwa jina la John Rowlands, daftari la kanisa likamwandika mwana haramu, na akiwa na miaka 6 akatupwa kwenye nyumba ya maskini ya St Asaph, kilomita chache tu kutoka kwao. Mtoto huyo namhurumia kabisa. Lakini alipokua akabadili jina, akajiita Mmarekani, na kwa miaka mingi asili yake akaificha kama mtu anayeficha ukoma. Yaani mtu aliyeikana Dinbych (ndivyo wenyewe wanavyouita mji wao) ndiye Dinbych inamng'ang'ania!

Kinachonikera zaidi ni kwamba mkoa ule haukuwa na njaa ya watu wa kujivunia. Sizungumzii ngome. Ngome ya Denbigh ilianzishwa baada ya vita vya 1282 ili Mwingereza awakalie wenyeji shingoni, ingawa leo wenyeji haohao ndio wanaotuuzia tiketi. Owain Glyndŵr naye, yule kiongozi wa uasi wa Wales dhidi ya Uingereza, aliyeuchoma mji jirani wa Ruthin Septemba 1400 akianzia na ugomvi wa ardhi na jirani yake, hahitaji utetezi wangu.

Nazungumzia hospitali.

Zamani, mtu wa kaskazini mwa Wales akipatwa na ugonjwa wa akili alipelekwa Uingereza. Huko hakuna daktari wala mhudumu anayejua Kiwelisi, na mgonjwa Kiingereza hakijui. Sasa hebu fikiria. Akili imeyumba, umefungiwa mbali na kwenu, na kila ukifungua mdomo kusema unachokiona au kinachokuuma, wanaandika kwamba unabwabwaja. Utapimwaje wazimu kwa lugha usiyoijua? Mwaka 1842 daktari mmoja wa hospitali ya Gloucester, Samuel Hitch, alilipigia kelele jambo hili gazetini. Watu wakachanga. Mwaka 1848 hospitali ikafunguliwa Denbigh, na sababu kubwa ya kuijenga pale ilikuwa hiyo: Mwelisi akichanganyikiwa, achanganyikiwe mbele ya mtu anayemsikia.

Nirudie, maana niliposoma habari hii mara ya kwanza nilisimama nikazunguka chumbani. Walijenga hospitali nzima ya mawe kwa sababu ya lugha. Mwaka 1848! Na mimi nimekaa kwenye benchi la hospitali, nchi ambayo kila mtu anaongea Kiswahili, nikamwona daktari kijana akimweleza mama wa watu majibu ya vipimo kwa Kiingereza, mama anaitikia "ndiyo baba, ndiyo baba," halafu kwenye korido ananiuliza mimi nisiyesomea chochote: "Mwanangu, kasema nitapona?"

Sisemi hospitali ya Denbigh ilikuwa pepo. Katika miaka ya 1940 walipasua watu bongo kama walivyofanya kwingine. Ilifungwa mwaka 1995, moto umeila zaidi ya mara moja, na leo ni gofu. Gofu halina mkono wa shaba wa kushikana nao kwenye picha.

Halafu yupo Thomas Gee, mchapaji wa mjini hapohapo Denbigh. Kati ya 1854 na 1879 alichapa ensaiklopidia ya Kiwelisi, juzuu 10. Kumi! Sisi tunaojigamba kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, kwamba tuko zaidi ya milioni 200, ya kwetu ya juzuu 10 iko kwenye rafu ipi? Na askofu William Morgan, aliyemaliza kuitafsiri Biblia nzima kwa Kiwelisi mwaka 1588 na kuipa lugha ile uti wa mgongo wa maandishi, alizikwa St Asaph mwaka 1604, na kaburi lake halina hata alama. Kweli, nje ya kanisa kuu upo mnara wa watafsiri wa Biblia. Nimeuona pichani. Mzuri. Watalii wangapi wanaupa mkono?

Na lugha yenyewe ilipona kwa tundu la sindano. Karne ya 19 shule za Wales zilikuwa na kipande cha mbao, mtoto akiteleza akasema Kiwelisi anavishwa shingoni. Tuliosoma "Inglishi midiam" tunakijua kibao hicho, sina haja ya kueleza.

Nikampigia dada simu kumsomesha yote haya. Akanisikiliza kwa subira ya mtu aliyetoka zamu ya usiku. Kisha akaniambia habari ya bibi mmoja anayemhudumia, wa miaka tisini na kitu, mwenye ugonjwa wa kusahau. Kiingereza kimemtoka chote, kimebaki Kiwelisi cha utotoni. Wahudumu wageni walikuwa wanasema bibi mkorofi, anakataa chakula. Dada akajifunza maneno kama kumi, pamoja na ile "ll" yao unayoitoa kama unapuliza uji wa moto pembeni mwa ulimi. Akimwuliza "Panad?", yaani kikombe cha chai, bibi anakunywa. Akimwambia "Nos da", yaani usiku mwema, bibi anafumba macho.

"Sasa wewe," nikamwambia, "mambo yote hayo unayajua, bado unakwenda kupiga picha na Bula Matari?"

"Maktaba iko karibu na kituo cha basi."

Nikamwomba Jumapili ijayo aende St Asaph, apige picha na William Morgan. Akasema Jumapili basi ni la kubahatisha, na isitoshe mwenyewe nimesema kaburi halijulikani, sasa atasimama wapi?