Kanga yangu Kyoto, na hili suala la pindo

Huu mwaka wa sita naishi Kyoto, na kila nikirudi Unguja hakosi mtu wa kuniuliza, hivi hao Wajapani mbona nyumba zao tupu vile, hawapendi mapambo? Na huku nako naulizwa kinyume chake, mbona kwenu kila kitu kimejaa maua na nakshi. Mwanzo nilikuwa najibu kirahisi tu, wao wanapenda uwazi sisi tunapenda kujaza, basi yameisha. Siku hizi nalikataa jibu hilo kabisa, maana naona vitu vyetu wenyewe hatujavitazama sawasawa.

Nianze na wao. Wana neno lao, ma, ndiyo ile nafasi inayoachwa baina ya kitu na kitu, na herufi yake unaandika mlango halafu ndani ya mlango unatia jua, yaani mwanga unapita pale palipoachwa wazi. Hekalu la Ryoan-ji lina bustani haina hata ua moja, changarawe nyeupe na mawe 15 tu, na yamepangwa kiasi kwamba ukikaa barazani, popote pale, lipo jiwe angalau moja hulioni. Mara ya kwanza nilitoka pale naona nauli yangu imepotea bure. Mara ya pili ilikuwa mvua, watu wachache, nikakaa karibu saa nzima, macho yanatoka kwenye jiwe yanatembea kwenye changarawe yanapumzika yanarudi tena, na wallahi kilichonijia akilini ni kanga.

Itandaze kanga chini uiangalie vizuri. Pindo linazunguka pande zote nne na limebanana nakshi, ndani yake ndio mji, na mji mara nyingi umetulia, pengine korosho moja kubwa katikati na nyingine ndogo kwenye pembe, au vitone vimetawanywa mbalimbali, kisha jina, yaani yale maneno ya kanga, pale chini karibu na pindo. Pilikapilika yote iko ukingoni, katikati macho yamewekewa pa kukaa. Sasa toka hapo nenda kasimame mbele ya mlango wa zamani Mji Mkongwe. Fremu imechongwa mpaka basi, minyororo, samaki, mitende, na ule mfaa wa katikati nao umechongwa, lakini mbao zenyewe za mlango zimeachwa, misumari ya shaba kwenye mistari na hakuna zaidi. Kanzu vilevile, kitambaa cheupe kitupu halafu darizi shingoni. Hata shairi, jamani! Kipande, yaani nusu ya mstari, kina mizani 8, ndizo silabi, saba za mwanzo unasema utakalo, ya nane ndiyo inafungwa kwa kina. Haiku ya Wajapani ina mizani 17, tano saba tano, na vina haina kabisa, sisi tumeweka vina na tumeviweka ukingoni.

Kwa hiyo hatujazi ovyo. Tuna kanuni yetu, pambo linakaa mpakani, mahali kitu kinapoanzia au kinapoishia, pale mtu anapoingilia. Neno lenyewe tunalo, ni pindo, tunalitamka kila siku na hakuna aliyewahi kutukalisha akatuambia hii ni elimu.

Na hapo ndipo Wajapani wametuzidi. Miaka ya 1920 bwana mmoja, Yanagi Soetsu, na wenzake waliokota vitu ambavyo watu walikuwa hawavihesabu, bakuli za kulia wali, vikapu, nguo za wakulima, vitu vya mafundi wasiojulikana hata majina, wakasema uzuri uko hapa, wakaupa na jina, mingei, na mwaka 1936 wakavifungulia makumbusho Tokyo. Mimi shuleni somo la sanaa lilikuwa kuchora matunda kwenye bakuli na kuyatia kivuli upande mmoja. Wasichana darasani tulikuja na kanga begani na hakuna siku hata moja mwalimu alisema hebu itandaze hiyo tuitazame. Naandika haya na bado inaniuma. Halafu mtu aking'oa mlango wa babu yake akaweka wa chuma tunamlaumu yeye, wakati mbao ina mchwa, fundi ghali, na hakuna aliyewahi kumwambia ule mlango unasema nini.

Ila kuna kitu Wajapani hawana, na ndicho ninachokikosa zaidi huku. Vitambaa vyao havisemi na mtu. Mamangu akienda Darajani kununua doti anasoma jina kwanza, rangi baadaye, anajua kabisa hili la jirani na hili la wifi. Mimi huku najifunga kanga ndani ya nyumba, jina liko vizuri kiunoni, na hakuna wa kulisoma.

Jirani yangu ni bibi wa makamo ya mamangu, siku moja kaniletea matunda ya persimoni yamefungwa kwenye furoshiki, kile kitambaa chao cha mraba cha kufungia vitu. Nikamrudishia kitambaa chake, na kwa kuwa kwetu chombo hakirudi kitupu nikapika vitumbua nikavifunga kwenye kipande cha kanga. Akaniuliza maandishi yale ni nini. Nikamwambia, Mgeni njoo mwenyeji apone. Alikaa kimya kidogo akaomba nirudie, halafu akapitisha kidole kwenye pindo taratibu, pande zote nne. Wiki iliyofuata kanga ikarudi na machungwa ndani, fundo kalifunga kwa zile ncha za pindo, na jina kalitoa nje, linasomeka lote.