Rochester, Heathcliff na Mkuki wa Nguruwe

Edward Rochester, yule bwana wa Thornfield katika Jane Eyre ya Charlotte Brontë, anapendwa na wasomaji tangu mwaka 1847. Mimi namwona tapeli mwenye farasi.

Sikiliza malalamiko yake. Eti kule Jamaika aliozeshwa Bertha Mason, mwenye fungu la pauni 30,000 (kwao fedha zilitoka upande wa bibi harusi), na wakwe wakamficha kuwa ukoo ule una wazimu. Kafichwa! Kaonewa! Na huyo aliyefichwa naye anafanyaje? Anamfungia Bertha ghorofani, anamwajiri Grace Poole amlinde, kisha anamchumbia Jane, mwalimu wa nyumbani kwake, binti ambaye hata miaka 20 hajafikisha, bila kumdokeza lolote. Bertha anapochoma kitanda cha mumewe usiku, Jane ndiye anayeuzima moto, na bwana anamwacha aamini ni kazi ya Grace. Ndoa inakwamia kanisani, mbele ya kasisi, wakili anaposimama kuipinga. Hapo Rochester anataka ahurumiwe yeye.

Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu.

Tena huyu ndiye aliyejifanya bibi mpiga ramli, na joho jekundu na kofia ya kike, ili ampekue Jane moyo. Mtu mzima anayekaribia miaka 40, wageni wamejaa sebuleni!

Wenzake nao ni walewale. Heathcliff wa Emily Brontë, katika Wuthering Heights, alinyimwa masomo na Hindley, mwana wa nyumba iliyomlea, akafanywa kibarua. Alipopata nguvu, akamfanyia hivyohivyo Hareton, mtoto wa Hindley. Darcy, yule wa Pride and Prejudice ya Jane Austen, namwachia, maana yeye alipoambiwa ukweli alijirekebisha.

Lakini kiboko yao ni Angel Clare, katika Tess of the d'Urbervilles, riwaya ya Thomas Hardy ya 1891. Usiku wa harusi anaungama kwamba aliwahi kustarehe saa 48 na mwanamke asiyemjua vizuri. Tess, mkewe, anamsamehe papo hapo, halafu anasimulia lake: Alec, mwanamume wa kabla yake, alivyomharibia maisha, na mtoto aliyekufa. Angel anageuka jiwe. Anamwacha mkewe, anajiandaa kwenda Brazili, na kabla ya kuondoka anamwalika Izz, rafiki wa Tess, afuatane naye. Baadaye anaghairi, lakini mdomo ulishatamka.

Kwa haki, Rochester alipanda kwenye paa linalowaka kumwokoa Bertha, akapoteza mkono na macho. Nadhani Charlotte Brontë alijua jamaa anadaiwa, maana hakumrudishia Jane mpaka deni lilipwe, na Jane mwenyewe awe na urithi wake wa pauni 5,000. Ningemshauri azifiche vizuri. Sheria iliyompa mke wa Kiingereza haki kamili juu ya mali yake ilikuja mwaka 1882. Kabla ya hapo, kwa kawaida, fedha za mke zilikuwa za mumewe.