Mfalme Aliyelikimbia Swali Lake

Wengi wanaoizungumzia tamthilia ya Sophocles kuhusu Mfalme Oedipus, iliyoigizwa Athens katika karne ya 5 kabla ya Kristo, huyatwisha majaaliwa lawama yote: miungu ilikwisha kuamua, na binadamu alikuwa mtekelezaji tu. Mimi siridhiki na maelezo hayo. Miungu ilitabiri kwamba atamuua baba yake na kumwoa mama yake, lakini haikumfumba macho. Kazi hiyo aliifanya mwenyewe, na aliianza miaka mingi kabla ya tauni kuingia Thebes, mji aliokuja kuutawala.

Tukio ninalolirudia kila mara ni la ujanani mwake. Alikuwa Corinth, akilelewa na Mfalme Polybus kama mwanawe, pale mlevi mmoja karamuni alipomwambia kuwa yeye si mtoto halisi wa baba yake. Neno hilo lilimchoma hata akaenda kwa siri Delphi, kwenye hekalu la mungu Apollo lililotoa utabiri, kuuliza. Hakujibiwa alichouliza, alitabiriwa tu mauaji yale na ndoa ile. Mtu aliyekwenda na shaka juu ya wazazi wake alipaswa kurudi na shaka kubwa zaidi, na tangu siku hiyo amche kila mwanamume wa umri wa kumzaa. Badala yake aliihama Corinth, kana kwamba swali lake lilikuwa limejibiwa na Polybus amethibitika kuwa baba. Penye njia panda akamuua kwa hasira mtu mzima mwenye mvi, ambaye alikuwa Laius, mfalme wa Thebes na baba yake halisi, kisha huko Thebes akamwoa malkia mjane, Jocasta, mama yake.

Kilichompa kiti cha enzi ni kitendawili alichokitegua cha Sphinx, zimwi lililoutesa mji wa Thebes, na ushindi huo, naamini, ndio uliomharibu. Kwa kuwa aliwahi kuona yaliyofichika kwa wengine, aliamini kwamba hakuna la kumfichikia. Tauni inapoupiga mji, anaanza kumsaka muuaji wa Laius ili iondoke. Tiresias, mwaguzi asiyeona, anapomwambia waziwazi kwamba muuaji anayetafutwa ni yeye, mfalme anamdhihaki kwa upofu wake, anamkumbusha kuwa uaguzi wake haukuufaa mji mbele ya Sphinx, kisha anamtuhumu yeye na Creon, kaka yake Jocasta, kwa njama ya kumpindua. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini yeye alipekua nguo za wenzake.

Hata woga unapomshika, bado anatafuta pa kujishikiza. Jocasta anapotaja kwamba Laius aliuawa penye njia tatu, Oedipus anatambua mahali pale, ila analikamata neno moja dogo: ilisemekana wauaji walikuwa wengi, naye alikuwa peke yake. Uhai wa mfalme mzima unaning'inia kwenye wingi wa nomino! Baadaye mjumbe kutoka Corinth anamweleza kwamba Polybus hakumzaa na kwamba aliokotwa Mlima Cithaeron akiwa mchanga, vifundo vya miguu vimetobolewa. Makovu hayo aliishi nayo siku zote, na jina lake lenyewe lina maana ya mguu uliovimba. Jocasta anaelewa papo hapo na kumsihi aache kuuliza. Mumewe anadhani malkia anaona aibu kuolewa na mtu wa ukoo duni.

Pamoja na hayo yote, siwezi kumdharau. Jocasta aliona haraka kuliko yeye, na alipoona alitaka wafunike. Oedipus alijidanganya kwa miaka, lakini uchunguzi aliouanzisha mwenyewe hakuukatiza hata ulipomgeukia, ingawa hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumlazimisha kuendelea. Mchungaji mzee aliyewahi kukabidhiwa mtoto yule anapobanwa aseme alitoka nyumba gani, analia kwamba amefika ukingoni mwa kutamka jambo la kutisha. Mfalme, ambaye macho yake bado ni mazima, anajibu kwamba naye yuko ukingoni mwa kulisikia, na hata hivyo ni lazima alisikie.